Nani Aseme Ndiyo: Historia ya Leseni ya Pombe Kutoka Longisa

Jumatatu ya tarehe 22 Novemba 2010, wenye baa kote nchini Kenya waliamkia ratiba mpya. Kileo kingeuzwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Longisa, mji ulio kando ya barabara ya kutoka Bomet kwenda Mulot na Narok, nao uliwekwa chini ya saa hizo. Sheria iliyoleta saa hizo watu waliiita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeupigania mswada wake bungeni. Mpaka leo ukiitaja kwa jina rasmi, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, wengi watakuuliza ni ipi hiyo.

Zilizoongelewa sana ni saa. Mnywaji alizihesabu, askari akazihesabu, mwenye baa akawa anavuta mlango huku anaangalia barabarani. Hata hivyo, ndani ya sheria hiyo kulikuwa na jambo lingine ambalo halikupigiwa kelele. Kila anayeomba leseni ya kuuza kileo, jina lake, aina ya leseni na mahali pa biashara yake vitangazwe hadharani, ilani ibandikwe karibu na jengo lenyewe, na mkazi aweze kupinga kabla uamuzi haujatolewa. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha sheria nzima. Swali la leseni, tangu lilipoanza kuulizwa katika nchi hii ya Wakipsigis, limekuwa ni nani mwenye kusema ndiyo. Mamlaka hayo yamehama mikono mara nyingi, na kila yalipohama yaliacha watu wengine nje ya mlango.

Kabla ya karatasi yoyote kulikuwa na mtungi. Wakipsigis walipika pombe ya wimbi, maiyek, na baadaye mahindi yakaingia pamoja na wimbi. Penye asali kulikuwa na kipketinik pia. Kazi ilikuwa ya wanawake. Unga ulivundikwa mpaka ukachacha, ukakaangwa, ukachanganywa na kimea cha wimbi lililooteshwa na kukaushwa, ukatiwa maji, ukaachwa siku kadhaa. Wanywaji walikuwa wazee. Waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mazungumzo ya ng'ombe, mipaka na posa yakaendelea palepale. Pombe ilipikwa kwa ajili ya harusi, kwa sherehe za jando, kwa kuwakumbuka waliotangulia, na kwa kuwashukuru majirani waliokuja kulima shamba kwa ujima. Kijana hakutarajiwa kushika mrija mbele ya wazee.

Sitaki kupaka asali zama hizo. Walevi walikuwapo, na magomvi yalikuwapo. Ila palikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ulikuwa karibu. Wimbi lenyewe lilikuwa na msimu wake, kwa hiyo hapakuwa na mtungi kila siku. Na aliyevuka mpaka alijibu mbele ya kokwet, baraza la majirani lililokaa chini ya mti na kusikiliza kila upande. Mwenye kusema ndiyo alikuwa mtu anayekaa umbali wa kusikia kelele za wanywaji.

Sheria ya kwanza ya vileo iliyokuja kugusa eneo hili iliandikwa mbali sana. Mwaka 1890, katika mkutano wa Brussels, madola ya Ulaya yalikubaliana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika ukanda mpana wa bara hili, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza kamba hiyo. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ikipitia stesheni ya Lumbwa ambayo sasa ni Kipkelion, utawala ulifuata reli: ofisi Kericho, kodi ya nyumba, walowezi upande wa Sotik, na machifu walioteuliwa na serikali. Sheria ya 1902 iliwatambua vinara wa vijiji, ya 1912 ikawaongezea nguvu, na ile ya 1937, ambayo baadaye ilijulikana kama Sheria ya Machifu, iliweka wazi kwamba chifu anaweza kutoa amri ya kupiga marufuku au kupunguza upikaji, uuzaji, usafirishaji na unywaji wa pombe katika eneo lake, hata mikusanyiko ya kunywa.

Hapo mamlaka yaliondoka kokwet. Chifu hakuwa mtu wa baraza la majirani. Alikuwa mtu wa serikali, analipwa na serikali, na anaweza kuhamishwa nayo. Kibali cha kupika mtungi mmoja kwa ajili ya harusi sasa kilitafutwa kwake. Na mahali pote ambapo ruhusa ya jambo la kawaida imewekwa mkononi mwa mtu mmoja, ruhusa hiyo hupata bei. Wanawake wapikaji ndio waliojifunza bei hiyo mapema kuliko wote.

Wakati huohuo Mzungu alikuwa na sheria yake. Aliomba leseni ya hoteli au ya klabu, akanywa wiski yake kwenye veranda, na akiwa na shida na uamuzi alikuwa na mahakama ya kwenda. Mwafrika alizuiwa kisheria kugusa chupa hiyo. Bia ya chupa iliruhusiwa kwake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pombe kali katika miaka ya 1950. Kwa nusu karne leseni ya pombe nchini Kenya ilikuwa pia cheti cha rangi. Kenya Breweries ilipoanza kutengeneza bia mwaka 1922, wengi wa waliokuwa wakiishi nchini hawakuruhusiwa kuinywa.

Kisha chai ikaja, na chai ndiyo iliyobadilisha kila kitu katika nchi hii ya juu. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na African Highlands Produce, kampuni ya James Finlay, zilianza kufungua mashamba makubwa Kericho. Vibarua walitoka Kisii, Nyanza, Buluhya na vijiji vya Wakipsigis wenyewe. Waliishi kwenye kambi za kampuni, walilipwa pesa taslimu, na wengi wao walikuwa vijana walio mbali na wazee wao. Palipo na mshahara na kiu, muuzaji hujitokeza. Mtungi uliokuwa wa wazee na wa msimu ukawa biashara ya kila wiki, ukiuzwa kwa kipimo kwa mtu yeyote mwenye sarafu. Aliyeuza alikuwa mara nyingi mjane, mke aliyeachwa, au mama ambaye shamba lake halitoshi. Sheria ilimwita mhalifu, ilhali yeye alikuwa akifanya kazi ileile ambayo bibi yake aliifanya kwa heshima.

Serikali za miji nazo ziliona faida. Nairobi, tangu miaka ya 1920, baraza la manispaa liliendesha ukumbi wake wa pombe kule Pumwani, likapika na kuuza, na mapato yakaingia katika hazina ya kuwahudumia wenyeji. Mwanamke aliyepika nyumbani kwake, hatua chache kutoka ukumbi huo, alikamatwa na pombe yake ikamwagwa mtaroni. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba leseni inaweza kutumika kulinda mauzo ya mwenye kuitoa, na hali hiyo haijaondoka mpaka sasa.

Upande wa Bomet kulikuwa na sauti nyingine pia. Wamisionari walifika Tenwek katikati ya miaka ya 1930, na kutoka hapo ikakua hospitali kubwa na kanisa la Africa Gospel, ambalo liliwataka waumini wake waache pombe kabisa. Familia nyingi za Longisa zimekulia katika msimamo huo. Ndiyo maana katika mji huu kuna majirani wawili ambao hawaulizi swali moja. Mmoja anauliza baa ifungwe saa ngapi. Wa pili anauliza kwa nini ipo. Sheria nzuri inapaswa kuwapa wote wawili mahali pa kusema.

Mwaka 1957, miaka michache kabla ya uhuru, ilikuja Sheria ya Leseni za Vileo, ambayo ingeitawala Kenya kwa zaidi ya nusu karne. Iliunda mahakama za leseni zilizoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Ilipanga leseni kwa aina: ya baa, ya duka la kuuza chupa za kwenda nazo, ya jumla, ya hoteli, ya mkahawa, ya klabu ya wanachama, hata ya behewa la chakula kwenye treni na ya meli. Mpangilio huo unaeleweka ukikumbuka kwamba kila aina inajibu swali la nani anakunywa, wapi, na akifanya nini kingine. Mwenye leseni ya baa anauza kinywaji kwa anayekuja kunywa. Mwenye leseni ya mkahawa anauza kinywaji kwa anayekula. Mwenye hoteli anamhudumia mgeni aliyelala kwake.

Kwa mtu wa Longisa, mahakama hiyo ilikuwa Kericho, kwa sababu Bomet ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho mpaka mwaka 1992. Anayetaka kufungua baa alijiandaa kwa safari: nauli, fomu, ripoti ya afisa wa afya, neno zuri la chifu, na siku nzima ya kusubiri mbele ya watu wasiomjua. Anayetaka kupinga naye alihitaji nauli hiyohiyo. Mwenye baa angeifidia kutokana na mauzo, mkazi angeitoa mfukoni. Umbali peke yake ulikuwa umeshapendelea upande mmoja.

Pombe ya kienyeji iliachwa nje ya sheria hiyo. Ilitungiwa ya kwake, Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971, ambayo iliruhusu klabu zenye leseni za busaa, pombe ya nafaka kama maiyek. Kwa muda mfupi mpikaji alikuwa na karatasi ya kuonyesha. Halafu, mwanzoni mwa utawala wa Rais Moi, klabu za busaa zilifungwa kwa amri ya serikali, na mwaka 1980 Bunge likapitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Kuipika, kuiuza, kuwa nayo au kuinywa, yote yakawa makosa.

Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote katika historia hii. Busaa ni pombe nyepesi, imejaa unga, haikai siku nyingi, haifichiki, na harufu yake inafika kwa jirani. Chang'aa ni kali, kidogo yake inatosha, inabebwa kwenye jerikeni, inakaa. Ukizipiga marufuku zote mbili kwa pamoja, umemsukuma mpikaji kuelekea ile ya kufichika. Ndivyo ilivyokuwa. Mapipa yalihamia kando ya mito, chini ya miti, kwenye migomba, na muuzaji, mama pima, akawa anauza gizani kwa kikombe. Gizani hakuna anayeuliza kilichomo. Wauzaji wengine, hasa mijini, walianza kuongeza nguvu kwa kemikali za viwandani. Mwezi Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine wengi walipofuka. Mwili huibadilisha methanoli kuwa sumu inayoushambulia mshipa wa jicho, na mnywaji hana namna ya kuitambua kwa ladha. Pombe hizo zilikuwa na majina ya barabarani kama kumi kumi, kwa sababu kikombe kiliuzwa shilingi kumi.

Miaka minne baadaye, mwaka 2004, Kenya Breweries ilileta bia ya pipa ya Senator, na serikali ikaipunguzia ushuru kwa hoja kwamba mnywaji maskini apate kitu salama. Baa za kegi, yaani za bia hiyo ya pipa, zikaenea mpaka masoko madogo kabisa ya nchi ya chai. Hoja ile ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa bia ya pipa haipofushi mtu. Lakini nafuu ya ushuru ilikwenda kwa kampuni kubwa, wala haikubuniwa njia ya kumfikia yule mama ambaye kegi ilikuja kuchukua wateja wake.

Basi hiyo ndiyo historia iliyokuwa nyuma ya Jumatatu ile ya 2010. Sheria ya Mututho ilifuta sheria ya 1957 na ile ya 1980 kwa mkupuo mmoja. Chang'aa ikawa halali, kwa masharti kwamba itengenezwe na mwenye leseni, ifuate viwango, na ifungwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Viroba, yaani vipakiti vidogo vya plastiki, vikakatazwa, miaka kadhaa kabla Tanzania haijavipiga marufuku mwaka 2017. Kwenye karatasi mlango ulifunguliwa. Lakini mama pima wa kando ya mto Nyangores angepata wapi mashine ya kufunga chupa, maabara ya kupima, na ada ya kiwanda? Chang'aa iliyohalalishwa ilikuwa ya mwenye mtaji, na yake ikabaki ya kukimbizwa.

Kwenye baa na mikahawa, sheria hiyo ilileta kitu ambacho nchi haikuwa nacho. Kamati ya wilaya ilichukua nafasi ya mahakama ya Mkuu wa Wilaya. Yeye aliendelea kuwa mwenyekiti, lakini pembeni yake waliketi daktari wa afya ya umma, mkuu wa polisi, na wakazi, ambao baadhi yao ilikuwa lazima wawe wanawake. Kamati haikupaswa kutoa leseni mpya ya baa mpaka iridhike kwamba ina manufaa kwa umma, na kwamba baa zilizopo hazitoshi kwa idadi ya watu wa mahali hapo. Jengo liwe imara, safi, na lenye vyoo. Liwe umbali usiopungua meta 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari au taasisi yoyote ya watoto walio chini ya miaka 18. Leseni ni ya mwaka mmoja, na huonyeshwa mahali pa wazi. Mtoto haruhusiwi, aliyekwisha kulewa haongezewi, na askari aliyevaa sare hauziwi.

Soma masharti hayo tena ukiwa umeliweka soko la Longisa akilini, na utaona kila moja linamhitaji shahidi wa mahali. Nani anajua kama baa zilizopo zinatosha? Nani anajua kwamba darasa la chekechea limehamia nyuma ya duka fulani mwezi uliopita? Afisa wa Bomet hawezi kuyajua hayo akiwa mezani. Mama anayeuza mboga anayajua, na mwalimu na muuguzi vilevile. Longisa ni mji wa hospitali. Watu huja kutoka mbali kulaza wagonjwa wao katika hospitali ya rufaa ya kaunti, na usiku wengine hulala mjini wakisubiri. Kipimo cha meta 300 kinahesabiwa kutoka shuleni, lakini manufaa ya umma ni neno pana. Mkazi anayeona kwamba muziki wa usiku kucha unawafikia wagonjwa wodini ana haki ya kulisema hilo mbele ya kamati, kwa barua yenye jina lake.

Tofauti ya baa na mkahawa, ambayo tangu 1957 ilikuwa jambo la wenye fomu, ilikuja kugusa kila mtu mwaka 2020. Korona ilipoingia, baa zilifungwa mwezi Machi. Mwishoni mwa Aprili mikahawa iliruhusiwa kufungua kwa masharti. Ghafla nchi ikajaa mikahawa. Baa ziliweka jiko mlangoni, zikachoma nyama, na mteja akaletewa sahani pamoja na chupa. Tarehe 27 Julai Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku kuuza kileo kwenye mikahawa kwa siku 30, na baa hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi mwishoni mwa Septemba. Sioni kwamba wenye baa walikuwa waovu. Walikuwa na kodi za nyumba na wafanyakazi. Lakini kipindi hicho kilifundisha kwamba aina ya leseni ina maana pale tu panapokuwa na mtu wa kuingia na kuangalia kama chakula kinapikwa kweli, na wahudumu wana vyeti vya afya.

Kufikia hapo mamlaka yalikuwa yamehama tena. Katiba iliyopitishwa Agosti 2010 iliweka leseni za vileo kwenye orodha ya kazi za kaunti, Jedwali la Nne, pamoja na kamari, maktaba na viwanja vya michezo. Kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Bomet ikiwa chini ya gavana wake wa kwanza, Isaac Ruto, kazi ya kusema ndiyo iliondoka kwa maafisa wa serikali kuu. Kaunti nyingi zilitunga sheria zao na kuunda kamati za kaunti ndogo. Mwenye baa wa Longisa anapanda matatu hadi Bomet mjini na kurudi siku hiyohiyo. Mwakilishi wadi anayepitisha kiwango cha ada ni mtu anayeombwa kura sokoni.

Umbali umepungua, na hilo ni jema. Lakini kaunti ina njaa ya mapato, na leseni ya baa ni mapato. Mtoza ada na mlinzi wa watoto wakiwa ofisi moja, mtoza ada huwahi kufika. Kila mwaka unapofika wa kuhuisha leseni, swali linaloulizwa kwa sauti ni kama ada imelipwa. Lile la kama baa bado inastahili kuwapo huulizwa kwa sauti ndogo. Na msimu wa bonasi ya chai, pesa za mwaka mzima zinapowafikia wakulima kwa mara moja, baa hujaa, na wake wa wakulima wanajua vizuri hesabu hiyo inaishia wapi.

Maafa hayakukoma. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa, na serikali ikaeleza kwamba pombe waliyokunywa ilikuwa kielelezo cha kesi kilichotolewa kituo cha polisi. Tarehe 6 Machi mwaka huo Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alisimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali za bei nafuu ili wakaguliwe upya, na kuagiza baa za maeneo ya makazi na za karibu na shule zifungwe. Julai 2025 mrithi wake katika wizara, Kipchumba Murkomen, alizindua sera ya taifa inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na kileo kisiuzwe kwenye supamaketi. Sera si sheria. Umri ulioandikwa katika sheria ya 2010 ni miaka 18. Lakini angalia amri zote hizo zinakotoka. Kila watu wanapokufa, sauti ya ndiyo na hapana hurudi Nairobi kwa miezi michache, halafu hulegea.

Mimi naamini dawa iko chini, kwenye ile ilani inayobandikwa ukutani, na bado haijatumika ipasavyo. Watu hupita, husoma jina, husema huyo ameshamalizana na wakubwa, na huenda zao. Barua ya pingamizi haihitaji wakili. Inahitaji jina la jengo, sababu, na sahihi, na ipelekwe kabla ya siku ya kikao. Kamati ya wazazi wa shule inaweza kuiandika, na kanisa, na chama cha wanawake, na hata mwenye baa mwingine ambaye anafuata sheria na amechoka kushindana na asiyezifuata.

Anabaki mama pima, na kwake ilani haina msaada, kwa kuwa hana mlango wa kubandikia. Ningependa Bunge la Kaunti ya Bomet litazame chai. Kulikuwa na wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Ilikuwa zao la kampuni na walowezi. Katika miaka ya 1950 wakulima wadogo walianza kupewa ruhusa, mwaka 1960 kukaundwa mamlaka ya kuwasimamia, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Leo mkulima mwenye robo ekari hupeleka majani yake kituoni, yanakaguliwa, yanapimwa, na kiwanda kama Tirgaga au Kapkoros kinafanya kazi ambayo yeye peke yake asingeiweza. Busaa ya wimbi ingeweza kupewa njia hiyohiyo: wapikaji wachache katika ushirika mmoja, jiko moja safi linalokaguliwa na afisa wa afya, sampuli zinazopelekwa KEBS, shirika la viwango, ushuru mdogo wa KRA, mamlaka ya mapato, na aina ya leseni yenye ada ambayo mwanamke wa kijijini anaimudu. Leseni ni kazi ya kaunti tangu 2013. Kinachohitajika ni mwakilishi wadi mmoja wa kuuandika mswada huo, na wapikaji wenyewe waitwe kwenye kikao cha maoni ya umma, wazungumze wakiwa wameketi mbele, bila hofu ya kukamatwa wakitoka nje.